Fimbo Aliyompa Mama Mkwe

Kama kuna mtu Bukoto nzima aliyejua kumkimbia mama mkwe, ni Masinde Khaemba. Na usimcheke haraka. Kwao Chwele, upande wa Bungoma, mwanamume na mama aliyemzalia mke hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani lazima mmoja ampishe mwenzake. Si uadui, ni heshima. Kila Mbukusu anaijua, lakini Masinde aliishika kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. Mwaka aliooa alimwona mama mkwe wake akija sokoni na kikapu kichwani. Basi bwana arusi akajitosa ndani ya nyumba ya kusagia mahindi, mashine ikinguruma, akajibanza nyuma ya magunia mpaka mama wa watu akapita. Alitoka mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Mashemeji zake waliposikia walifurahi kupita kiasi. Wakasema huyu ndiye mkwe.

Mama mkwe mwenyewe, mjane mmoja mfupi anayeitwa Loice, hakusema mengi, maana si mtu wa mengi. Alisema tu kwamba unga uliomwagika siku ile ungetosha kusonga ugali wa watu wazima watano.

Miaka ikapita. Masinde akahamia Kampala na mkewe Nangila na binti yao Nekesa, wakapanga vyumba viwili Bukoto nyuma ya bucha, na yeye akapata kazi gatini, upande wa Luzira, pale reli inapoishia ziwani. Usidhani safari ya mzigo inaishia hapo. Mabehewa husukumwa juu ya daraja la chuma mpaka ndani ya meli, na meli ikavuka nayo ng'ambo. Daraja la zamani lilikuwa limechoka. Lilijengwa wakati ziwa lilikuwa na adabu, likikaa pale lilipozoea kukaa. Siku hizi mvua zikizidi maji hupanda yakalamba reli, kiangazi kikifika yanashuka, na daraja lenyewe halipandi wala halishuki, limekaa tu na kutu yake. Meli ikiwa juu, behewa lilipanda mlima. Meli ikiwa chini, behewa lilitanguliza pua. Watu walipigilia vipande vya mvule chini ya reli wakamwachia Mungu yaliyobaki.

Mwishowe ikaamuliwa ling'olewe, na ubavuni mwake pajengwe jingine ambalo kipande chake cha mbele kinanyanyuliwa na kushushwa kwa mashine, kiifuate meli ilipo. Wafanyakazi wakakiita kipande hicho ulimi, kwa sababu kilitoka nchi kavu kikailamba meli. Jina likashika, hata wakubwa wakalitumia.

Aliyeuendesha ulimi alikuwa Oryem, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, mtu mkimya mwenye shingo nene, akiwa ndani ya kibanda cha vioo nchi kavu. Kutoka kibandani Oryem haoni maji yaliyo chini ya ulimi. Anaona kitu kimoja tu: Masinde, amesimama ubavuni kwenye ukingo wa maji, na bendera zake mbili. Nyekundu ikiinuliwa, simama. Kijani ikipungwa juu ya kichwa, pandisha. Kijani ikipungwa chini ya kiuno, shusha. Hakuna kuulizana. Oryem alikuwa ameishi jeshini maisha yake yote, na kwake ishara ni amri.

Masinde aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema. Nani asingeipenda? Chuma kizito kuliko nyumba zote za mtaa wao, kinatii kitambaa. Na kwa kuwa alisimama ukingoni, kanuni ilimtaka avae jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa. Alilivaa asubuhi, akala nalo mchana, akalivua jioni akiwa tayari amefika getini. Wenzake walidhani ni maringo. Wala hayakuwa maringo. Masinde aliogopa maji.

Siku alipoandikwa kazi aliulizwa kama anajua kuogelea, akajibu kwamba amekulia mtoni. Hakudanganya sana, alikulia kando ya mto, ila kando kabisa. Utotoni aliona mafuriko yakimchukua ndama wa jirani, macho yametoka, na tangu siku ile maji yakimvuka goti roho yake humpanda kooni. Lakini angemwambia nani? Huyu ni mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha jando, tope la mtoni likimkaukia mwilini, baba zake wadogo wakimkodolea macho, na hakupepesa. Mtu wa namna hiyo hamwambii mtu kwamba anaogopa ziwa. Hata Nangila hakujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kama si kifo basi mama mkwe.

Maana mwaka huu mama Loice aliletwa Kampala kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya Mulago. Hakufikia Bukoto, angelalaje chini ya paa la mkwe wake? Alifikia Kibuli kwa binamu yake, na Nangila akawa anakwenda na kurudi, akibeba uji huku na salamu kule. Bandeji ilipotolewa jicho moja likaona vizuri, la pili likabaki na ukungu wake likingoja zamu. Mama Loice akawa anatazama kila kitu. Alitazama vigae vya msikiti, alitazama kucha za binamu yake, alitazama madoa ya ndizi. Siku moja akamwambia Nangila, "Kabla sijarudi nataka kukiona hicho chuma kinachowalisha."

Nangila alimfikishia mumewe ujumbe akitarajia akatae. Masinde hakukataa. Alisema tu mama akae kivulini na kina mama wengine, mbali, na yeye abaki mahali pake. Moyoni alifurahi sana. Mama mkwe angemwona kwa jicho jipya, kwa umbali wa heshima, akikiamrisha chuma.

Hasifa, msimamizi wa kazi, mwenyeji wa Kibuli hukohuko, alikuwa ameruhusu familia za wafanyakazi waje Jumamosi alasiri, kabla meli ya kwanza haijaanza kuutumia ulimi. Wakaja na watoto, soda na chapati zilizofungwa kwenye mifuko. Masinde akainua kijani akaipunga juu ya kichwa, na ulimi ukapanda taratibu, ukidondosha maji, mpaka watu wakapiga makofi. Akaipunga tena bila sababu. Hata Oryem huko kibandani aliona kwamba leo mwenzake ana mbwembwe.

Ulimi ukaachwa juu ili watu wauone kwa chini. Hasifa akawaongoza kina mama kwenye kijia chembamba kati ya makontena na maji. Pembeni mwa kijia kilikuwa bado kimesimama kipande cha daraja la zamani ambacho mafundi hawajakikata, kimezungushiwa utepe tu, mbao zake zimeoza. Mama Loice, na jicho lake jipya, hakungoja kuongozwa. Alitangulia peke yake, akitazama misumari.

Masinde alikuwa amekwenda kunywa maji. Alirudi kwa kijia hichohicho, bendera kwapani, na alipopinda kona ya kontena wakakutana hivyo, yeye na mama mkwe, hatua chache kati yao.

Sasa tazama heshima inavyofanya kazi. Masinde aligeuka papo hapo, uso ukaelekea bati la kontena, mgongo ukaelekea njia. Hilo lilikuwa sawa. Hata mtoto wa Chwele angefanya hivyo. Mama Loice naye, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, akavuta leso akajifunika uso, na jicho lake jipya ndani yake, akapiga hatua kando ili kumpisha. Kando palikuwa na utepe, na nyuma ya utepe palikuwa na mbao. Ubao ulikatika kwa sauti ndogo, kama mtu anayevunja muwa.

Masinde aligeuka. Mama hakuwepo.

Alikuwa chini, majini, katikati ya mabaki ya daraja la zamani na ulimi ulioinuka juu yake. Alipiga maji kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza kuku. Gauni lilikuwa limejaa hewa, kisha likaanza kujaa maji. Mbele ya miguu ya Masinde palikuwa na ngazi ya chuma, vidato vyake vya mwisho vikiwa ziwani. Angeshuka mpaka maji yamfike kifuani, angemshika. Na jaketi la kuelea lilikuwa mwilini mwake, limefungwa vifungo vyote.

Alishuka kidato cha kwanza, akashuka cha pili. Maji yakagusa kiatu chake, na hapo akakumbatia chuma cha ngazi, asishuke tena.

Mama Loice akainua mkono. Leso ilikuwa imekwenda na maji, uso u wazi, na akamtazama mkwe wake machoni. Tangu amwoze binti yake hawakuwahi kutazamana hivyo. Alikuwa amenyoosha mkono, vidole vimetandazwa, na Masinde Khaemba akamnyooshea fimbo ya bendera.

Ilikuwa fimbo ya kijani.

Fimbo haikumfika. Masinde akaisukuma huku na huku, akiinama, kitambaa kikipepea chini ya kiuno chake. Na kule kibandani Oryem, ambaye hakuona maji wala mama, aliona kijani kinapungwa chini ya kiuno. Akashusha.

Kina mama walipiga kelele ulimi ulipoanza kulia. Ilikuwa sauti nzito ya chuma kinachorudi chini. Masinde aliisikia na kuielewa kuliko mtu yeyote pale, na bado mkono wake uliendelea kuipunga ile fimbo, kwa sababu kuiacha kungemwacha na njia moja tu, nayo ni kuingia majini.

Aliyeingia alikuwa Katembo, fundi wa kuchomelea kutoka Kongo, ambaye alikuwa karibu akikunja nyaya zake. Aliruka na viatu vyake, na kinga ya uso imebanwa kichwani. Alitua akasimama. Maji yalimfika kifuani tu. Alikuwa amekanyaga mawe ya msingi wa daraja la zamani, mawe ambayo Masinde aliyajua moja moja, kwa kuwa aliwahi kuyaona makavu mwaka wa kiangazi kikali. Katembo akambeba mama Loice kama mzigo wa nguo, akatazama juu, akaona chuma kinakuja.

Hasifa ndiye aliyekimbilia kibandani akakipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Oryem akasimamisha. Ulimi ukatulia karibu na vichwa vyao kiasi kwamba Katembo alitoka chini yake ameinama. Akapanda ngazi na mama mgongoni, na ilibidi amwombe Masinde apishe.

Masinde akapisha. Fimbo ilikuwa bado mkononi.

Mama Loice hakuumia. Alikunywa maji kidogo akayatapika, wakamvisha koti la Hasifa, Nangila akampeleka Mulago jicho likatazamwe, wakaambiwa jicho halina neno. Kwa upande wa mwili, kisa kiliishia hapo.

Oryem alikuwa ameketi kwenye kidato cha kibanda chake, kofia magotini, amepauka. "Wewe nipa mimi kijani," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Mimi nashusha. Karibu niue mama ya mtu, na mimi hapana jua."

Hasifa hakupaza sauti. "Ssebo, bwana wangu, ulikuwa karibu kuliko wote. Kwa nini ulimpa bendera? Kwa nini hukumshika mkono?"

Jibu lilimtoka Masinde kabla hajalifikiria. "Ni mama mkwe wangu," alisema. "Kwetu hatushikani."

Basi. Maneno sita. Ukitaka kujua uongo unavyozaliwa, hauzaliwi na maneno ya uongo. Hayo yote yalikuwa kweli. Uso wa Hasifa ukalegea. "Bambi, pole," alisema. "Hata kwetu Buganda, mwanamume akimgusa nyina wa mkewe, wanasema uzeeni mikono itamtetemeka." Akamkaripia kuhusu bendera, akamwamuru afunzwe tena ishara, na kazi yake haikuguswa. Mtu angemfukuzaje mwenzake kwa kushika mila?

Oryem peke yake hakusema bambi. "Kwetu Acholi pia iko heshima ya mama mkwe," alisema. "Lakini maji hapana jua ukwe." Alivaa kofia yake, kisha akaonyesha kwa kidole lile jaketi la chungwa, kavu kabisa. "Na hii, wewe navaa ya nini?"

Masinde alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, si kazi yake. Alikwenda nyumbani na jaketi limekunjwa ndani ya mfuko, kama kitu alichoiba.

Na sasa aibu ikaanza kazi yake, maana siku ya kwanza huwa bado ni mshtuko tu. Nangila hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alipakua chakula, akakaa, akamwambia Nekesa, "Mwulize baba kama anataka mboga zaidi," na baba ameketi palepale mkabala naye. Usiku alilala amegeukia ukuta. Masinde akijaribu kusema, "Mama Nekesa, unajua mila," yeye hujibu, "Najua," na neno hilo lilikuwa fupi kama mlango unaofungwa.

Kisha simu zikaanza kutoka Chwele. Binamu wa Kibuli alikuwa amepeleka habari, na habari ikiwa safarini huvaa nguo nzuri. Shemeji mkubwa alipiga akicheka kwa furaha. "Mkwe, tumesikia. Hata kwenye maji ulishika heshima. Hukumgusa mama yetu, ukampa fimbo ashike. Siku hizi vijana wanakumbatiana na mama wakwe harusini kama Wazungu. Jumapili nimekutolea mfano kanisani."

"Asante, shemeji," alisema Masinde.

"Mchungaji amesema atakutumia tena kwenye semina ya wanaume."

Masinde akashukuru tena, kisha akakaa kitandani akitazama viganja vyake. Wazee wa Chwele wenyewe hawakufundisha hivyo. Hakuna mtoto asiyejua kwamba moto, maji na nyoka huvunja ukwe. Mtu akiwa hatarini unamshika popote panaposhikika, na mambo yakishatulia mnaitengeneza mila kwa kuku au kwa mbuzi. Alilijua hilo. Shemeji alilijua. Walijisahaulisha tu, kwa sababu kisa kilikuwa kitamu. Kila sifa iliyomfikia ilimchoma mahali pamoja, na zilikuwa zinakuja kila siku.

Gatini alisimama mahali pake, bendera zikatii, ulimi ukapanda na kushuka, meli ya kwanza ikaja ikalambwa na kuondoka na mabehewa yake. Siku ambayo angeisimulia maisha yake yote ilipita bila yeye kuiona. Alikuwa akiwaza jambo moja: je, mama aliona? Ile sura aliyomgeuzia kutoka majini, ilikuwa ya mtu anayeona, au ya mtu anayezama tu? Jicho moja lilikuwa na ukungu. La pili lilikuwa jipya, na maji yalikuwa yameingia. Labda aliona rangi ya chungwa tu na fimbo. Kama hakuona zaidi ya hapo, Masinde angeweza kuishi. Angeivumilia Bukoto, angeivumilia Chwele na semina yake ya wanaume. Kama aliona, hapakuwa na mahali pa kukimbilia, hata penye magunia.

"Mama anasemaje?" alimwuliza Nangila jioni moja.

"Hasemi. Anakunywa chai." Nangila alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Aliuliza kitu kimoja tu. Kama lile jaketi la chungwa linamzuia mtu asizame."

"Ukamwambiaje?" alisema Masinde.

"Nikamwambia ndiyo."

Mchele ukaendelea kugonga ungo. Masinde alitoka nje akasimama nyuma ya bucha, penye harufu, mpaka kukawa na giza.

Siku ya safari ya mama ilipofika, Nangila alikuja asubuhi kutoka Kibuli na ujumbe. "Anakutaka. Uso kwa uso."

"Haiwezekani," alisema Masinde.

"Mwenyewe amesema inawezekana. Vaa shati."

Kwa Wabukusu, ukwe wa kukimbiana huweza kuondolewa. Hilo hufanywa watu wakishazeeka, mbele ya ndugu, na mkwe huleta blanketi, na mbuzi kama anao, na baada ya hapo wanashikana mikono na kuzungumza kama watu wengine. Masinde alikuwa amepanga kulifanya siku moja, kwa kishindo, na ng'ombe badala ya mbuzi. Sasa alipanda kilima cha Kibuli mikono mitupu, nyuma ya mkewe, akimwangalia visigino.

Uani kwa binamu palikuwa na viti vimepangwa. Binamu alikuwepo na mumewe, na jirani mmoja wa Kimilili aliyeitwa awe shahidi. Mama Loice alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, begi lake miguuni, gauni lilelile, limefuliwa. Masinde akageuza uso kwa mazoea.

"Geuka," alisema mama mkwe. "Kaa hapo nikuone."

Binamu alikohoa. "Dada, na blanketi? Mambo haya yana utaratibu."

"Blanketi ninalo nyumbani, la mwaka juzi. Bado lina joto." Hakumwondolea Masinde macho. "Mkwe, wanangu wanasema uliniheshimu. Wananisimulia kwa simu mimi niliyekuwa majini. Kesho nikifika watanikalisha wanihoji, na mchungaji naye anakuja. Niwaambie nini?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na Masinde aliuona. Angesema, mama, ilikuwa heshima. Wale mashahidi watatu wangeitikia kwa kichwa. Mama Loice asingembishia mbele ya watu, hakuwa mtu wa hivyo. Angerudi Chwele akanyamaza kimya chake, na sifa zingeendelea kuja, moja baada ya moja, mpaka afe nazo. Alifungua mdomo. Nangila alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alikuwa anamtazama.

"Niliogopa maji," alisema Masinde.

"Sema wasikie."

"Niliogopa maji, mama. Tangu utoto. Mila niliisema baadaye, waliponiuliza." Sauti yake ilikuwa nyembamba, hakuitambua. Shahidi wa Kimilili alitazama viatu vyake. Aibu ilimpanda Masinde shingoni hadi masikioni, mbichi, na hakuwa na pa kuiweka.

"Najua," alisema mama Loice. "Jicho hili lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Lilikuona vizuri sana. Ule haukuwa uso wa heshima."

Kutoka barabarani boda boda ilipanda kilima ikilalamika.

"Uoga si neno," aliendelea. "Mume wangu aliogopa ng'ombe, na alikuwa nao. Lakini wewe uoga wako uliuvika leso yangu. Uliwaambia watu ni mimi niliyekuzuia kunishika. Nimelala na hilo kila siku hapa, nikijiuliza nilikukosea nini." Akalisogeza begi kando ya mguu. "Kwa hiyo leo naondoa ukwe wa kukimbiana, mbele ya hawa. Siku nyingine nikianguka, utatafuta sababu nyingine."

Akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono uleule, vidole vimetandazwa.

Masinde alisimama, akaja, akaushika. Hakujua aushike kwa nguvu kiasi gani, kwa maana hakuwa amewahi. Alidhani angeuachia baada ya salamu, kama watu wanavyofanya. Mama Loice hakuachia. Alijiinua kwa kuuegemea, akamwonyesha begi kwa kidevu, naye Masinde akalichukua kwa mkono mwingine.

"Nipeleke stendi," alisema. "Njia ina mteremko, na jicho ni moja."

Wakashuka kilima hivyo, mkwe na mama mkwe, wameshikana, Nangila na wengine wakifuata nyuma bila kuzungumza. Mchana ulikuwa mweupe. Penye kona, mwanamke wa Webuye anayeuza karanga, anayewajua wote wawili, alipowaona aligeuza uso upesi kwa niaba yao. Masinde alitaka kumweleza kwamba ukwe umeondolewa, kwamba kuna mashahidi, lakini mama Loice hakupunguza mwendo, akaendelea kutazama mbele. Alimshika mpaka stendi, alimshika akipanda gari, na akamshika bado ameshaketi, begi miguuni, dereva akingoja. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu. Uliolowa ulikuwa wa Masinde.